Matone ya Profesa

3 Februari

Mdogo wangu Mama Panya,

Salamu nimezikata fupi kama nywele za askari mpya: mimi mzima, wifi yako mzima, duka limesimama.

Barua yako ya mwisho niliisoma Jumamosi kama kawaida yangu, kwa sauti, kitana mkononi, wateja wamejaa hadi kwenye benchi la nje. Fundi wa kuchomelea akauliza, "Kwa hiyo dada yako kasoma mpaka macho yakaingia ndani, ili akawadunge panya sindano ya kisogoni?" Nikamwambia funga mdomo, wembe uko shingoni kwako. Akaufunga. Sijawahi kumwona ametulia hivyo.

Sasa habari yenyewe. Profesa wako alikuja kunyolewa. Nywele zimebaki pembeni tu, lakini analipa kichwa kizima, ndiyo maana nampenda. Akawatangazia watu wote kwamba hospitali kuu imeanza kuijaribu kwa binadamu ile dawa yenu ya presha mnayoiita Kiwanja cha Saba. Alisema, "Tumeigundua mimi na mdogo wake huyu kinyozi." Mbele ya watu! Nilivimba nikakosa pa kuweka mikono. Alisema pia anastaafu Juni na kutakuwa na sherehe.

Presha yangu imetulia. Vile vidonge vyangu vyeupe vya kliniki sivikosi, maana nakumbuka ugonjwa ulivyomchukua baba, na sitaki kulishwa kwa kijiko nikiwa na ndevu.

Wateja wanauliza hicho kipokezi alichokitaja ni kitu gani. Nieleze kwa lugha ya kinyozi. Nimewaahidi jibu, usiniaibishe.

Kaka yako

*

11 Februari

Kaka,

Waambie hivi. Kipokezi ni mpokea wageni. Anasimama kwenye ngozi ya chembe ya mwili, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Dawa ikifika haingii. Inamshika mkono tu. Yeye akishikwa vizuri anageukia ndani na kupiga kelele: "Legezeni!" au "Kazeni!" Kazi yangu yote, tangu nilipokuwa mwanafunzi wa Profesa, ni kusikiliza hizo kelele.

Na mwambie fundi wa kuchomelea kwamba kisogoni ndipo penyewe. Pale unapomalizia kunyoa, ndani kabisa, ubongo unapoanza kuwa mwembamba kuelekea uti wa mgongo, kuna mahali panapopokea habari za presha kutoka kwenye mishipa mikubwa ya moyo. Presha ikipanda, pale panajua kabla yako. Ndipo tulipokuwa tunaweka Kiwanja cha Saba, tone dogo sana, na presha ya panya ilishuka.

Chuo kimeniomba niandike sura katika kitabu cha kumuaga Profesa. Nimeamua kurudia jaribio lile la kwanza kwenye maabara yangu huku. Maabara iko chini ya ardhi, inanuka mkojo wa panya na dawa ya kusafishia, na mimi nanuka hivyo hivyo. Kwenye basi watu wananipisha kiti. Hiyo wasomee.

Endelea na vidonge vyako. Msalimie wifi.

Mdogo wako

*

26 Februari

Mheshimiwa Profesa,

Naandika kwa jambo zito, na nitalieleza kwa utaratibu ulionifundisha mwenyewe.

Nilianza kurudia jaribio la Kiwanja cha Saba kwa ajili ya kitabu chako. Unga ule hauyeyuki kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo nilifanya kama tulivyozoea: nikatia tindikali tone kwa tone mpaka ukayeyuka na maji yakawa maangavu. Wanafunzi wako wote tuliyaita matone ya Profesa. Tulirithishana kama watu wanavyofundishana kufunga kamba za viatu, na hakuna aliyeuliza. Chupa ya kulinganishia, kama kawaida, ilikuwa na maji ya chumvi matupu.

Safari hii nilikuwa natumia sindano za aina nyingine, na ncha ya mojawapo ikaanza kuota kutu. Nikachovya karatasi ya litmasi, ile ya kupimia tindikali, kwenye chupa ya dawa. Ikawa nyekundu kama kidonda.

Nikawapa panya tindikali peke yake, bila dawa. Presha ilishuka vilevile. Kisha nikaizimua ile tindikali na kuwapa dawa ikiwa safi. Kalamu ya mashine ya kupimia presha ilichora mstari ulionyooka: presha haikushuka. Nimerudia mpaka nimechukia kuiangalia. Kwenye chembe za mwili zilizooteshwa maabara, Kiwanja cha Saba kinamshika kipokezi mkono, na kipokezi kinanyamaza. Hakuna habari inayoingia ndani.

Hatukugundua dawa, Profesa. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunawachoma wanyama tindikali kwenye ubongo na kuandika kwamba wametulia. Nilikwenda kunawa mikono, nikajikuta nimesimama kwenye sinki naendelea kunawa.

Wagonjwa walioingia kwenye majaribio ya hospitali wameachishwa vidonge vyao vya zamani ili wameze hiki. Wanameza kitu kisichofanya kazi, na presha zao hazina kinga yoyote. Naomba uyasimamishe majaribio mara moja. Vipimo vyote nimeviambatanisha.

Mwanafunzi wako wa zamani

*

18 Machi

Binti yangu mpendwa,

Barua yako imenifurahisha kama mzazi anavyofurahi mtoto akimrushia ngumi ya kwanza. Inauma kidogo, lakini unasema, ah, amekua.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Panya ni panya. Kidonge anachomeza binadamu hakina tindikali, kwa hiyo hofu yako haina mahali pa kukaa. Huenda dawa inafanya kazi kwa njia nyingine ambayo wewe na mimi bado hatujaijua. Sayansi imejaa miujiza ya namna hiyo. Tuwaachie wagonjwa watupe jibu.

Kumbuka pia kwamba jina lako ni la pili kwenye kila andiko la dawa ile. Cheo chako, maabara yako, hata hizo sindano, vimetoka humo. Anayetaka kubomoa nyumba huangalia kwanza analala chumba gani.

Kitabu kiko kwa mpiga chapa. Nimekubakizia kurasa zako.

Juzi nilinyolewa kwa kaka yako. Mtu mwema kweli, na mkono mwepesi. Aliniuliza kama dawa yetu inaweza kumfaa na yeye. Nikaguswa.

Baba yako katika elimu,
Profesa

*

22 Machi

Kwa Profesa, heshima yako,

Nimefanya kama ulivyonielekeza. Nesi wa majaribio amenipima na kuniandikisha, na vidonge vyangu vyeupe nimemkabidhi vyote. Jana nimemeza cha kwanza chenu. Ni kikubwa kama kifungo cha koti na kina uchungu unaokaa kooni mpaka jioni, lakini nimekimeza kwa furaha kuliko keki.

Ombi langu ni lilelile: mdogo wangu asijue. Nataka siku ya sherehe yako nisimame mbele ya watu niseme, mimi hapa nimeponeshwa na dawa ya mdogo wangu. Ataanguka kwa furaha. Ni mtu mgumu, hapendi kusifiwa, lazima avamiwe.

Picha ulizopiga dukani ukizipata nibakizie moja.

Kinyozi wako

*

4 Aprili

Kaka,

Sijaandika siku nyingi kwa sababu sikuwa na la kukuandikia ambalo linasomeka kwenye benchi lako.

Ile sura ya kitabu sitaiandika. Profesa ameniletea barua, na tangu niipokee sijisikii vizuri. Bahasha ilikuwa inanuka mafuta yake ya nywele. Niliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota panya aliyeoza, na mimi unajua siogopi panya.

Nakuomba habari za dawa ile usizitangaze tena dukani. Kuna kitu hakijakaa sawa. Siwezi kufafanua humu, maana najua utaisoma barua hii kwa sauti, na nusu ya watu wa hospitali hiyo wananyolewa kwako. Nikikosea neno moja mapema, wataniziba mdomo kabla sijamaliza kazi. Niahidi kwamba barua ijayo utaisoma peke yako, umefunga mlango. Ukiniahidi, nitakueleza kila kitu kesho yake.

Presha yako inasemaje?

Mdogo wako

*

13 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma dukani. Nilipofika kwenye "panya aliyeoza" ndipo nikainua macho, na nani yuko kwenye kiti? Dereva wa Profesa, amepakwa sabuni nusu ya uso. Fundi wa kuchomelea, ambaye hata msibani hanyamazi, alianza kuhesabu vidole vyake.

Umeniaibisha. Yule mzee alikupokea ukiwa huna hata koti la maabara, akakufundisha, akakuweka kwenye maandiko yake, leo anastaafu unamwita mzoga? Watu wanasema una wivu. Nimewajibu kwamba hujawahi kuwa na wivu tangu utoto wako, ila nimejibu kwa sauti ndogo.

Na mimi sisomi barua kwa kujificha kama mtu aliyeiba kuku. Ukiwa na neno la kweli, liseme watu wasikie.

Presha yangu iko kwenye mikono salama, tena kuliko unavyodhani. Kuna siku utakuja kuniomba radhi huku unacheka. Kichwa kinanigonga nyuma ya shingo kidogo, na juzi mkono uliteleza nikamkwaruza sikio mzee wa posta. Wifi yako anapiga kelele niende kliniki. Nimemwambia wanawake wa nyumba hii wote wameungana kunitisha.

Mwombe Profesa msamaha.

Kaka yako

*

20 Aprili

Profesa,

Hujanijibu kuhusu wagonjwa, umenijibu kuhusu mimi. Mwisho wa mwezi huu nikiwa sijasikia kwamba majaribio yamesimama, vipimo vyangu vitakwenda kwenye kamati ya maadili ya hospitali. Jina langu litabomoka pamoja na lako. Najua ninalala chumba gani.

Nakumbuka hafla uliyofanya Januari kuyafungua majaribio. Mliagiza keki ya umbo la moyo, na mishipa yake, na ulipoikata jamu nyekundu ikachuruzika mpaka kwenye kitambaa. Ulilamba kisu. Watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Siku hizi nikipita karibu na duka la keki navuka barabara.

Mwanafunzi wako wa zamani

*

30 Aprili

Binti yangu,

Vitisho havikupendezi. Kabla hujatuma chochote, itazame picha niliyoweka humu.

Ndiyo, ni yeye. Kaka yako, kwenye mlango wa duka lake, na kopo la Kiwanja cha Saba mkononi, anacheka kama bwana harusi. Ni mgonjwa wetu tangu Machi, kwa hiari yake mwenyewe, na aliniomba nisikwambie. Nasikitika kuvunja ahadi hiyo. Picha itakuwa kwenye jalada la kitabu cha kuniaga.

Fikiri vizuri. Ukiiambia kamati kwamba dawa hii ni upuuzi, utakuwa unamwambia yeye kwamba mdogo wake alijua tangu Februari na hakumwonya. Mimi nisingependa kuwa mtu wa kumpa kaka yangu habari ya namna hiyo. Lakini sisi wawili tukikaa kimya mpaka Juni, majaribio yatakwisha yenyewe, atarudi kwenye vidonge vyake, na hakuna atakayeumia.

Ninakuombea busara.

Profesa

*

7 Mei

Kaka,

Barua hii usiisome kwa sauti. Au isome kwa sauti, sijali tena, wasikie wote.

ACHA HIVYO VIDONGE SASA HIVI. Nenda kliniki yako ya zamani leo, si kesho, waambie wakupime na wakurudishie vile vyeupe. Funga duka. Usibebe kitu, usibishane na mtu.

Bahasha ya Profesa nimeipokea asubuhi hii. Nimepiga simu hospitali, karani ananijibu habari za mgonjwa ni siri na kwamba nizungumze na daktari mkuu wa majaribio, ambaye ni Profesa. Simu ya duka la jirani yako imekatwa. Barua hii nampa dereva wa basi linaloondoka sasa, limejaa, nimekosa hata pa kusimama. Mimi napanda la kesho.

Dawa ile haifanyi kitu, kaka. Alijua. Nilimwandikia, akasoma, akaikunja barua yangu, akaja kukaa kwenye kiti chako na kukuinamishia kichwa chake umnyoe. Nikifikiria vidole vyako vimegusa kichwa kile natamani nikuoshe mikono kwa dawa ya kusafishia.

Nitakueleza yote nikifika. Nenda kliniki.

Mdogo wako

*

8 Mei

Wifi,

Kikaratasi hiki nakiacha kwa jirani akupe ukifika. Usiingie nyumbani, njoo moja kwa moja hospitali kuu, wodi ya wanaume, ghorofa ya pili.

Barua yako aliileta dereva wa basi leo mapema. Sisi tulishachelewa. Kaka yako ameanguka jana mchana dukani, wembe mkononi. Mteja hakuguswa, aliutupa wembe kabla ya kuanguka. Upande wa kulia wote umelala na mdomo umekwenda pembeni. Ananijua.

Njoo na shuka, za hapa zina madoa ya watu wengine.

Wifi yako

*

2 Juni

Wifi,

Tangu uondoke anaendelea hivyo hivyo, hatua mbele, nusu nyuma. Daktari wa wodi amemrudishia vidonge vyake vya zamani na presha imeshuka. Maneno yanatoka, lakini yanatoka kama kitu kilichobanwa mlangoni. Mate ndiyo yanayomtesa. Mtu aliyekuwa anajipaka manukato hata siku ya kufagia, sasa nakaa na kitambaa nafuta, nafuta. Akiona nakaribia na kitambaa anafumba macho.

Nakuandikia kwa sababu ya Profesa. Anakuja kila siku ya pili. Analeta zabibu, na kwa vile mgonjwa hawezi kuzitafuna, anakaa kwenye ukingo wa kitanda anazila mwenyewe moja moja huku anamfariji, mbegu anatemea kiganjani. Jumapili alimuuliza kama kuna siku alisahau dawa. Mume wangu akasema ndiyo, siku ile tulipokwenda kwenye arusi ya mpwa wangu alisahau kimoja. Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Basi ndiyo hiyo. Ungekimeza, usingekuwa hapa."

Wifi, tangu siku hiyo halali. Anajipiga paja kwa mkono mzima. Anasema ameharibu dawa ya mdogo wake, ameua kazi yako, utachekwa kwa ajili yake. Profesa amesema ataleta karatasi ya kueleza kwamba mgonjwa hakufuata masharti, na yeye aiwekee sahihi kwa mkono wa kushoto. Anataka kuiweka. Anasema ni ili kukuokoa wewe.

Ulipokuwa hapa ulikaa kimya kwa sababu daktari alikukataza usimshtue. Sasa nakuambia mimi: anashtuka kila siku. Kama una la kusema, lilete kabla ya karatasi ile.

Wifi yako

*

9 Juni

Wifi, tafadhali msomee taratibu. Akichoka simama, kisha endelea.

Kaka,

Kidonge ulichosahau siku ya arusi hakikuwa na lolote ndani yake. Ulivyovimeza vilikuwa hivyo hivyo. Ungevimeza vyote kwa mpigo au ungewatupia kuku, presha yako ingepanda ileile, kwa sababu ulichonyang'anywa ni vile vyeupe. Hukuharibu kitu. Hakikuwapo cha kuharibu.

Sikiliza ilivyokuwa. Dawa yetu ilikuwa haiyeyuki, tukaitia tindikali, na hatukuwahi kuwapa panya tindikali peke yake tuone itafanya nini. Hilo lilikuwa kosa la sisi sote, mimi nikiwemo. Tulitazama presha inashuka tukashangilia, kama mtu anayemmwagia mwenzake maji ya moto halafu anajisifu amemfanya acheze. Nilipogundua, Februari, nilimwandikia Profesa asimamishe majaribio. Sikujua uko humo, kwa sababu hukuwa humo. Alikuingiza mwezi uliofuata, barua yangu iko kwenye droo yake. Hakukuchagua kwa sababu alikupenda. Alikuchagua ili ukae kati yake na mimi, nisiweze kumpiga bila kukupiga wewe.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Nilingoja Profesa anijibu, kama mtu mwenye adabu, na nilikuogopa wewe na benchi lako. Lakini hili la kidonge kilichosahaulika silikubali. Nimefanya kazi na uchafu wa kila aina: mavi ya panya, ubongo uliokatwa vipande, damu iliyoganda kwenye mirija. Vyote vinaoshwa na sabuni. Mtu anayeketi kitandani kwako, anakula zabibu zako na kukuambia umejiua mwenyewe, sijui anaoshwa na nini.

Siku ile nilipotoka wodini nilipeleka vipimo vyangu kwenye kamati kwa mkono wangu. Wiki iliyopita wamesimamisha kugawa dawa, na wengine wote wamerudishiwa vidonge vyao. Maandiko yetu yatafutwa, na cheo changu sijui. Profesa hajakuambia hayo kwa sababu amebakiwa na njia moja tu ya kutokea: waonekane wagonjwa ndio waliokosea. Anaanza na wewe. Ukiweka sahihi hiyo hutaniokoa. Utamwokoa yeye, na atawapelekea wengine karatasi ileile.

Sina dawa ninayokudai uiheshimu, kaka. Sikutengeneza dawa. Usiweke sahihi.

Mdogo wako

*

17 Juni

Wifi,

Nilimsomea Jumatatu, sikioni, pazia limefungwa. Nilipomaliza akaniashiria nirudie. Nikarudia. Akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka chakula cha mchana, nikadhani nimemmaliza. Kisha neno likatoka kwa vipande, "Ku... ku," na mabega yakaanza kutikisika. Nikainama kumfuta machozi, kumbe anacheka. Nafikiri ni pale ulipoandika angewatupia kuku. Baadaye alilia kweli, na hilo sitakuficha.

Jana Profesa akaja. Suti nyeusi, maana alikuwa anatoka kwenye sherehe yake; nasikia viti vingi vilikuwa vitupu na kitabu hakikugawiwa. Alikuwa na karatasi, na shahidi wake, yule nesi wa majaribio, ambaye alikuwa anaangalia sakafu. Akaketi palepale anapoketi. Akasema, "Ndugu yangu, hili ni jambo dogo tu." Akamwekea kalamu kwenye mkono wa kushoto, akamkunjia vidole kimoja kimoja kama anavyokunjiwa mtoto.

Mume wangu akaiachia. Kalamu ikaanguka. Profesa akaiokota, akatabasamu, akamkunjia vidole tena. Ikaanguka tena. Nesi akasema, "Profesa, labda amechoka." Profesa akasema hapana, anahitaji kusaidiwa tu, akainama amshike kiganja, uso wake karibu kabisa na uso wa mgonjwa, nikayasikia yale mafuta yake ya nywele toka nilipokaa.

Wifi, mate yakamrukia usoni. Si yale ya kutiririka. Yalikwenda moja kwa moja, yakakaa kwenye miwani na mengine kwenye shati jeupe la sherehe.

Nikaruka na kitambaa. Aibu ilinipanda, nikaanza kuomba radhi, "Samahani Profesa, ni ugonjwa, mdomo haumtii, hata mimi ananifanyia." Profesa akakichukua kitambaa changu, akakitazama kilivyolowa, akakirudisha. Akajifuta kwa karatasi yake mwenyewe, ile ile, akaikunja akaitia mfukoni, akatoka. Nesi alibaki nyuma kidogo. Akamwekea mgonjwa shuka vizuri mabegani, ndipo akatoka naye.

Nikamgeukia mume wangu, namfuta kidevu, nikamwambia usihuzunike, kila mtu anajua huwezi kuuzuia mdomo wako.

Akanisukuma mkono. Akakusanya midomo, akahangaika nayo mpaka jasho likamtoka, na neno likatoka zima, halina hata kipande kilichokatika, la kwanza tangu aanguke:

"Nilikusudia."

Wifi yako

*